WSLg: madirisha ya Linux ndani ya Windows, baada ya vuli moja na masika moja

Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mvua, na katika kazi hiyo hakuna programu ninayoifungua mara nyingi kuliko ncview. Iliandikwa na David W. Pierce wa Scripps Institution of Oceanography, huko California, kwa ajili ya jambo moja tu: kufungua faili la netCDF, aina ya faili la kuhifadhia takwimu za hewa na bahari, na kukuonyesha papo hapo kilichomo, ramani baada ya ramani, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Ni programu ya Unix. Dirisha lake huchorwa kupitia X, mfumo wa madirisha ulioanzishwa MIT mwaka 1984, na vitufe vyake vya mraba visivyo na pambo lolote vinatokana na mkusanyo uitwao Athena, jina la mradi uleule ambamo X ilizaliwa. Kompyuta yangu, lakini, ni ya Windows 11, kwa kuwa ofisi nzima huandika ripoti kwa Word, hujaza majedwali ya Excel na hutumia printa iliyofungwa kwa mipangilio ya Windows. Mapitio haya yanahusu WSLg, sehemu ya WSL (Windows Subsystem for Linux, yaani njia ya kuendesha Linux ndani ya Windows) inayoyawezesha madirisha ya programu za Linux kukaa kwenye skrini moja na madirisha ya Windows. Nimeitumia kila siku ya kazi tangu maandalizi ya vuli hadi mwisho wa masika, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayeihitaji ili amalize kazi yake, si anayetaka kuijaribu kwa jioni moja.

Ili ieleweke kwa nini ninaisifu kiasi nitakachoisifu, ni lazima niseme tulikotoka. Njia ya kwanza ilikuwa kuweka mifumo miwili kwenye kompyuta moja na kuchagua mmojawapo wakati wa kuwasha. Njia hiyo haina kasoro ya kiufundi, ila inamgawa mtu: uko Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, ukiangalia ramani, mkuu wa idara anaomba jedwali lililo upande wa Windows, nawe unafunga kila kitu, unazima, unawasha upya, unatuma jedwali, kisha unarudi kutafuta ulipokuwa umefikia. Ikitokea mara tatu kwa siku, asubuhi yote imekwenda.

Njia ya pili ilikuwa kusakinisha seva ya X ndani ya Windows, kwa mfano Cygwin/X, Xming au VcXsrv. Hapa neno “seva” huwachanganya wanaoanza, kwa sababu katika X mambo yamepangwa kinyume na tulivyozoea: seva ni ile programu iliyo mezani kwako, inayomiliki skrini, kibodi na kipanya, na mteja ni programu inayoomba kuchorewa dirisha, hata kama inaendeshwa kwenye mashine kubwa iliyo nchi nyingine. Mpangilio huo ni wa busara sana, na ndio uliofanya X idumu. Tatizo lilikuja pale WSL 2, toleo la pili la WSL, ilipoiweka Linux ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigwa ndani ya kompyuta halisi, yenye anwani yake ya mtandao, anwani inayobadilika kila kompyuta inapowashwa. Ilikupasa kuandika mstari wa kuichimbua anwani hiyo kutoka faili la /etc/resolv.conf, kuiingiza kwenye kigezo cha DISPLAY, kinachoiambia programu ichore dirisha kwenye skrini ipi, kufungua tundu kwenye ukuta wa moto (firewall) wa Windows, na mara nyingi maelekezo yaliyokuwa yakipita kutoka mkono hadi mkono yaliishia kumwambia mtu azime kabisa udhibiti wa nani anaruhusiwa kuunganishwa. Anayefanya hivyo kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya chuo anamwachia mgeni yeyote aliye kwenye mtandao ule nafasi ya kuona skrini yake na hata herufi anazobonyeza. Nilikuwa nikiumia kila nilipomwona mwanafunzi akinakili mstari ule bila kujua unafungua mlango gani.

WSL yenyewe ilitangazwa mwaka 2016, WSL 2 ikafuata mwaka 2019, na WSLg ikatolewa kwa majaribio Aprili 2021 kabla ya kuja rasmi pamoja na Windows 11 mwezi Oktoba mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2022 ilifunguliwa pia kwa watumiaji wa Windows 10, ingawa kwa sasa sioni sababu ya kumshauri mtu aianzie huko, maana huduma ya Windows 10 ilifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Inafanya kazi hata kwenye toleo la kawaida la nyumbani, lile linalokuja na kompyuta nyingi za madukani. Hulazimiki kununua toleo la kitaalamu. Haina malipo.

Kuisakinisha ni amri moja. Unafungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kwa mamlaka ya msimamizi, unaandika wsl --install, unawasha kompyuta upya, na Ubuntu inakuomba uchague jina la mtumiaji na nywila. Anayeanza aelewe kwamba nywila anapoiandika haionekani hata kwa nyota. Nimeona watu wazima wakidhani kibodi imekufa. Mwenye WSL ya zamani huandika wsl --update. Ninashauri kazi hii ifanyike kwenye mtandao wa ofisi au wa chuo, si kwa bando la simu, kwa sababu kinachopakuliwa ni megabaiti mamia, na baada ya hapo masasisho ya Ubuntu yenyewe yatadai sehemu yao. Ukimaliza, sudo apt install ncview huleta programu niliyoitaja, na kuandika ncview ikifuatiwa na jina la faili kunatosha kulifungua dirisha. Hakuna DISPLAY ya kuandika, hakuna anwani ya kuchimbua, hakuna tundu la kutoboa kwenye ukuta wa moto. Mara ya kwanza nilipoona dirisha lile likijitokeza juu ya Word, nilitulia kidogo nikiliangalia, kwa kuwa nilikumbuka jioni nyingi zilizopotelea kwenye yale niliyoyaeleza hapo juu.

Kikwazo kimoja kinachowakwamisha wengi huku kwetu kiko kabla ya hatua hiyo, na ninataka nikieleze kwa urefu kwa sababu kimewagharimu watu fedha. WSL 2 inahitaji uwezo wa kompyuta wa kuendesha mashine pepe uwe umewashwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofikiwa kabla Windows haijaanza. Kompyuta mpakato nyingi tunazonunua ni zilizotumika, na nyingi hufika zikiwa na uwezo huo umezimwa. Ya kwangu ilikuwa hivyo. Amri ya kusakinisha iligoma, nikaipeleka kwa fundi mmoja, akaiwasha, akaizima, akaniambia, “Bosi, prosesa ya hii haikubali hayo mambo, labda tuangalie mashine nyingine.” Mashine nyingine ilikuwa ipo hapohapo dukani kwake. Nilirudi nyumbani na kompyuta yangu, nikafungua kidhibiti cha kazi cha Windows kwa Ctrl, Shift na Esc, nikaingia kwenye ukurasa wa utendaji wa prosesa, na pale chini pameandikwa wazi kama uwezo huo umewashwa au umezimwa. Ulikuwa umezimwa tu. Niliwasha upya, nikaingia BIOS, nikatafuta mstari wenye jina la teknolojia ya Intel ya mashine pepe, nikaugeuza, nikahifadhi, na usakinishaji ukapita. Prosesa za Intel na AMD za miaka mingi iliyopita karibu zote zinao uwezo huo. Usikubali kuuziwa kompyuta ya pili kabla hujauangalia mstari huo kwa macho yako.

Sasa nieleze dirisha lenyewe linavyokaa. Kila programu ya Linux hupata dirisha lake peke yake, lenye kichwa cha kuburutia na vitufe vya kupunguza, kukuza na kufunga. Hubadilishana zamu na mengine kwa Alt na Tab. Na kwenye mwambaa wa kazi ulio chini ya skrini alama yake hubandikwa kipengwini kidogo pembeni, ili ujue lilikotoka. Programu ulizosakinisha kwa apt hujiorodhesha zenyewe kwenye menyu ya Anza, zikifuatiwa na jina Ubuntu. Maandishi niliyonakili kwenye dirisha la Linux hubandikwa kwenye Word bila shida, isipokuwa kwa mwenye mazoea ya zamani ya X ya kupiga mstari juu ya maandishi kisha kubonyeza kitufe cha katikati cha kipanya: uteuzi wa namna hiyo hauvuki kwenda Windows, mpaka uyanakili kwa amri ya kunakili. Sauti hupita pia, ingawa kazi yangu haihitaji sauti.

Wiki za maandalizi ya vuli nilikuwa nikimfundisha kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Nilifungua faili la kila mwezi la CHIRPS, takwimu za mvua zinazoanzia mwaka 1981, zinazounganisha vipimo vya setilaiti na vya vituo vya ardhini, na kugawa dunia katika vijiraba vya nyuzi 0.05 kutoka nyuzi 50 kusini hadi 50 kaskazini. Nilisogeza wakati hadi Oktoba 1997, nikakuza ukanda wa pwani kutoka Lamu hadi Mtwara, kisha nikabonyeza kitufe cha kwenda mbele: Oktoba, Novemba, Desemba. Rangi za pwani na za nyanda za kaskazini zilipanda kwa namna ambayo mtu aliyeishi El Niño ile haiwezi kumshangaza, lakini kijana huyu alikuwa hajazaliwa. Nikabofya kijiraba kimoja karibu na Mombasa, na dirisha dogo la pili likafunguka na mstari wa mvua wa miezi yote tangu 1981, mwaka 1997 ukisimama kama mnazi katika shamba la mihogo, na mwaka 2019 ukionekana nao umepanda. Upande wa kulia wa skrini hiyohiyo ripoti ya Word ilikuwa wazi, na nilikuwa nikiandika sentensi huku nikiangalia mstari. Kijana akaniuliza, “Samahani mwalimu, hii ni Windows au ni Linux?” Nilimjibu kwamba ni zote mbili kwa pamoja, na kwamba dirisha analoliona lina vitufe vilivyobuniwa kabla yeye na mimi hatujaijua kompyuta. Swali lake ndilo kipimo kizuri kuliko vyote nilivyosoma kuhusu bidhaa hii: mshono hauonekani mpaka uutafute.

Mshono upo, na anayeujua hupata nafuu mambo yanapokwama. Pembeni ya Ubuntu yako, Windows huendesha mfumo mwingine mdogo wa Linux usiouona, na ndani yake kuna Weston, programu ya kupanga madirisha ya Wayland, ambayo ndiyo itifaki mpya inayochukua nafasi ya X. Programu za zamani kama ncview hudhani zinazungumza na X, na kweli zinazungumza nayo, ila ni XWayland inayotafsiri maneno yao kwa Weston. Weston haichori kwenye skrini yoyote. Inayapeleka madirisha kwa itifaki ileile ya RDP ambayo wafanyakazi wa ofisi huitumia kuifikia kompyuta ya mbali, isipokuwa hapa “mbali” ni ndani ya mashine hiyohiyo, na picha hupitishwa kwa kumbukumbu wanayoshirikiana pande zote mbili badala ya kupitia mtandao. Hii ndiyo sababu hakuna tundu la ukuta wa moto: hakuna mlango unaofunguliwa nje. Kwangu mimi hilo peke yake lingetosha kuihalalisha WSLg dhidi ya seva zile za zamani, hata kama haingekuwa na urahisi mwingine wowote. Ninathamini pia kwamba msimbo wa WSLg uko wazi kwa kila mtu, na kwamba WSL yenyewe nayo ilifunguliwa Mei 2025, kwa hiyo maelezo haya si ya kukisia. Mwenye shaka anaweza kuusoma.

Sasa kasoro, nikianza na inayouma macho. Kompyuta mpakato za inchi 14 zenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080 huwekwa mara nyingi kwenye ukuzaji wa asilimia 125 au 150 ili maandishi yasomeke. WSLg, kwa mpangilio wake wa kawaida, haifuati ukuzaji wa sehemu. Huushusha hadi namba kamili, yaani asilimia 100. Matokeo yake ni kwamba madirisha ya Linux huonekana madogo kando ya yale ya Windows, makali lakini madogo, na vitufe vya ncview, ambavyo tangu hapo si vikubwa, vinamtaka mtu asogeze uso. Upo mpangilio wa kuiruhusu ikuze kwa sehemu, nao hufanya dirisha liwe la ukubwa unaotakiwa, lakini programu za X hapo huwa na ukungu kidogo, kama picha iliyovutwa. Kwa programu zinazochora madirisha yake kwa mkusanyo wa Qt, kama QGIS ya kutengenezea ramani, njia bora ni kuziambia zenyewe zijikuze kwa kigezo cha QT_SCALE_FACTOR, na hapo maandishi hubaki makali. Kwa ncview dawa hiyo haipo. Nimeamua kuishi na udogo kuliko ukungu, kwa kuwa ramani yenyewe hukuzwa kwa kitufe kilicho ndani ya programu, lakini mwenye macho dhaifu alijue jambo hili mapema.

Kwenye michoro ya pande tatu, mambo ni mazuri kuliko nilivyotarajia, kwa sharti moja. Kadi ya grafiki ya Windows hushirikishwa na Linux, na wito wa OpenGL, lugha ya michoro ya programu za Linux, hutafsiriwa kuwa wa Direct3D 12, ile ya Windows. Ukitaka kujua kama inafanya kazi kwako, sakinisha mesa-utils na uandike glxinfo -B: ukiona D3D12 ikifuatiwa na jina la kadi yako, uko salama, ukiona llvmpipe, maana yake prosesa ndiyo inayochora kila pikseli peke yake, na dirisha zito litakwenda kwa kusuasua. Mara nyingi sababu ni kiendeshi cha kadi kilichopitwa na wakati, hasa kwenye kompyuta zilizotumika ambazo aliyeziuza hakuzisasisha.

Kumbukumbu ndiyo gharama halisi ya bidhaa hii isiyo na bei. Kwa kawaida mashine pepe huruhusiwa kuchukua hadi nusu ya RAM. Kwenye kompyuta yangu ya gigabaiti 16 hiyo ni gigabaiti 8, na kwa kazi yangu inatosha. Kwenye kompyuta ya gigabaiti 8, nusu ni 4, na zinazobaki ni za Windows, kivinjari na Word kwa pamoja. Hapo utasikia feni ikilalamika. Kiwango hicho unaweza kukipanga mwenyewe kwa kuandika mistari miwili kwenye faili liitwalo .wslconfig katika folda yako ya Windows, mmoja wenye [wsl2] na wa pili kama memory=3GB, kisha kuandika wsl --shutdown ili mabadiliko yashike. Amri hiyo ya mwisho hufunga kila dirisha la Linux lililo wazi bila kuuliza kama umehifadhi kazi. Ihifadhi kwanza.

Diski nayo inataka uangalizi. Linux yako yote inakaa ndani ya faili moja kubwa la Windows, lenye jina ext4.vhdx, ambalo huongezeka kadiri unavyoweka vitu na, kwa mpangilio wa kawaida, halipungui unapovifuta. Mtu anayepakua takwimu za kila siku za miaka mingi, akazichambua na kuzifuta, ataona upande wa Linux nafasi imerudi huku diski C ikiendelea kuonyesha kuwa imejaa. Nafasi hiyo hurudishwa kwa kufunga WSL na kulibana faili hilo kwa diskpart, zana ya Windows ya kusimamia diski. Si kazi ngumu, lakini ni kazi ambayo mtumiaji wa kawaida hataijua mpaka aambiwe, na ninaona ingefaa Windows imwambie.

Inahusiana na hilo swali la faili ziwekwe wapi. Linux huiona diski ya Windows kama /mnt/c, na Windows huziona faili za Linux ukiandika \\wsl.localhost kwenye kidirisha cha faili. Njia zote mbili zinafanya kazi, lakini kuvuka mpaka huo kuna foleni yake. Ncview inapofungua faili hupita ndani yake ikitafuta thamani ndogo na kubwa ili ipange rangi, na faili la ukubwa wa gigabaiti likiwa upande wa /mnt/c kusubiri kunaonekana wazi, ilhali faili hilohilo likiwekwa kwenye folda ya nyumbani ya Linux hufunguka haraka. Kwa hiyo takwimu zangu ninaziweka Linux, ripoti ninaziweka Windows, na ninavusha kati yao picha na majedwali tu, ambayo ni madogo.

Jambo la mwisho nililolipima ni kufungua madirisha kutoka mashine ya mbali. Kwa kuwa DISPLAY imekwishapangwa, unaweza kuingia kwenye seva ya chuo kwa ssh -X na kufungua ncview iliyo huko, nayo ikajitokeza kwenye skrini yako hapa. Inafanya kazi. Ila X ilibuniwa kwa mtandao wa jengo moja, na kwa kila dirisha huenda na kurudi mara nyingi kuuliza na kujibiwa. Seva ikiwa Ulaya nawe uko Dar es Salaam, kila swali husafiri baharini na kurudi, na hata kebo ziwe na upana kiasi gani, safari haifupiki. Kuongeza -C hubana data, lakini hakupunguzi idadi ya safari. Nilichojifunza ni kupunguza faili hukohuko kwanza kwa cdo, programu ya kuchakata faili za namna hii kutoka Taasisi ya Max Planck ya Hamburg, nikikata nyuzi 29 hadi 42 mashariki na 12 kusini hadi ikweta. Ramani nzima ya CHIRPS ina vijiraba milioni 14.4, kipande hicho kina 62,400, yaani chini ya sehemu moja kati ya 230. Kipande hicho ninakipakua, na ninakiangalia kwenye ncview iliyo kwangu.

Wenzangu wawili wanaotumia Mac hutumia XQuartz kwa kazi hiyohiyo. Apple ilikuwa ikiitoa X yenyewe hadi ilipoiondoa kwenye mfumo wake mwaka 2012, na tangu hapo XQuartz imebaki ni kazi ya kujitolea. Ni programu ya heshima, nyepesi kuliko WSLg kwa kuwa haibebi mashine pepe, lakini kwenye skrini za Retina, zile za Apple zenye pikseli nyingi, programu za X huonekana na ukungu, na OpenGL yake imesimama kwenye toleo la kale. Katika hayo mawili WSLg imeipita.

Anayetaka eneo-kazi zima la Linux, lenye paneli na menyu zake, WSLg haikutengenezwa kwa ajili hiyo, na kulilazimisha ni kujitafutia tabu. Huyo asakinishe Linux kamili. Kwa mtafiti, mwanafunzi wa uzamili au mchambuzi ambaye ofisi yake ni ya Windows na zana zake ni za Unix, ninaipendekeza bila kusita akiwa na RAM ya gigabaiti 16, na kwa uangalifu wa .wslconfig akiwa na 8. Mwenye gigabaiti 4 abaki na mifumo miwili ya kuchagua wakati wa kuwasha, au kabla ya msimu ujao aongeze kijiti kimoja cha RAM kama kompyuta yake ina nafasi ya kukipachika, jambo ambalo aliulize dukani kabla ya kulipa, kwa sababu kwenye kompyuta mpakato nyembamba RAM mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao na haiongezeki.